Jibu Lililobaki Mkobani

Sajenti aliyekuja kumtaka binti yangu aende jeshini alikalia kochi letu kwa adabu zote za mjumbe wa posa. Na posa mimi nazijua. Tangu nihamie huku Minnesota nimeshakuwa mshenga wa ndoa saba, za watu wa Mombasa, Malindi na Lamu waliotawanyika kuanzia Anoka mpaka Saint Paul, na katika hizo saba ni moja tu iliyovunjika, nayo ilivunjika kwa sababu hawakunisikiliza. Kwa hiyo nilipomwona kijana wa watu amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, mkononi ana begi jipya la mgongoni la zawadi, anapangusa suruali yake kabla ya kuketi, nikajua leo nina kazi.

Nilimwekea chai ya tangawizi na kaimati. Akala nane. Nikampenda, sikatai.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na saba na miezi minane. Kwa sheria za hapa, mtoto wa umri huo hajiandikishi jeshini mpaka mzazi atie saini, na mzazi nilikuwa mimi peke yangu, maana baba yake alikwishatangulia mbele ya haki. Karatasi yenyewe ilikuwa mezani, ina mstari mweusi unaningoja. Sajenti akaeleza habari za mafunzo, za chuo, za kuiona dunia. Alipomaliza akanitolea kalamu.

Nikamwambia, "Tumesikia. Tutawajibu."

Akageuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yangu.

Kwetu posa haijibiwi siku moja. Hata kama mposaji ni yule uliyekuwa ukimwombea Mungu kila swala, unakunja uso kidogo, unasema tumesikia, unawalisha wageni, wanaondoka. Kisha mnakaa. Mnaulizia, mnapima, na hata kama jibu mlikuwa nalo tangu wageni wako mlangoni, mnaliacha lilale. Kujibu papo hapo ni kumwaibisha binti, watu waseme kumbe alikuwa amekosa wa kumchukua. Na zawadi ya posa haiguswi kabla ya jibu. Basi begi la sajenti nikalitundika kwenye msumari ndani ya kabati la makoti, na mfuko wake wa plastiki, likakaa humo.

"Ma, hii si posa," binti yangu alisema mgeni alipotoka. Yeye hunijibu kwa Kiingereza kama watoto wengi wa huku. Kiswahili anakielewa mpaka matusi yake, ila mdomoni hakitoki. Hapa nitamsemesha Kiswahili ili twende pamoja.

"Mtu kaja nyumbani kwangu, anataka kumchukua mwanangu aende naye," nikamwambia. "Niite nini? Mnada?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba Jumamosi shuleni kwao kutakuwa na mchezo wa siku nzima, mchezo wa maamuzi ya vita, na kwamba mwalimu wao anatafuta wazazi wa kujaza viti kwa sababu wanafunzi hawatoshi. Njoo, akasema. Njoo unitazame nikifanya kazi hiyo, halafu ndio useme kama siko tayari.

Nikaona ni haki. Nikamwahidi kwamba Jumamosi hiyohiyo, kabla ya magharibi, nitampa jibu la sajenti, ndiyo au hapana. Sijawahi kumpa mtu tarehe ya jibu la posa maishani mwangu, na nilipompa nilihisi kama nimetoka nje bila mtandio.

Shule yao iko hapahapa Oakdale. Siku hiyo nilifunga kibanda changu cha madera na udi, nikavaa buibui la sherehe, nikabeba mahamri sitini na sufuria ya mbaazi za nazi. Nilimkuta mlangoni jirani yetu Mtanzania, mhandisi wa madaraja, ambaye binti yake alikuwa darasa moja na wangu. Amevaa tai. Ana jalada chini ya kwapa.

"Shikamoo dada," akaniambia, ingawa tunalingana, kwa kunichokoza tu.

"Marahaba. Hiyo tai unakwenda kuhutubia Bunge?"

"Dada, tumeambiwa ni baraza la mawaziri. Mimi nimekuja kama waziri."

Mwalimu, mama mfupi mwenye sauti ya muadhini, alitupanga katika ukumbi wa kulia chakula. Kulikuwa na nchi tatu, kila moja na pembe yake na meza zake, na zilikuwa na majina ya rangi tu. Alisema akitumia nchi za kweli watu watakuja na visasi vyao vya kweli. Buluu ni nchi kubwa yenye nguvu. Kijani ni nchi ya milima, maskini, mbali. Njano iko katikati yao. Jana yake, kwa mujibu wa mchezo, meli ya abiria ililipuliwa katika bandari ya Buluu, watu wengi wakafa, na ikajulikana kwamba waliofanya hivyo ni wanaume kumi na wawili waliojificha katika milima ya Kijani. Mchezo ulianza asubuhi ya pili yake. Kilichotakiwa ni kuamua yale mambo ya mwanzo, yanayoamuliwa moshi ukiwa bado unafuka.

Binti yangu alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Buluu. Mimi nilipewa kuwa Waziri Mkuu wa Kijani, na yule Mtanzania akawa Waziri wangu wa Mambo ya Nje. Nikamtazama mwanangu ng'ambo ya ukumbi, amefunga mtandio wake mweupe kwa kukaza, ana kalamu tatu. Akaniinulia nyusi mara moja. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio, na sikuwa hata nimeketi.

Niseme kweli, nilifurahi siku hiyo kupita kiasi. Watu huzungumza habari ya vita kwa nyuso za msiba, na ni haki yao. Lakini mpe mtu nchi, ramani na saa ya ukutani, halafu uone damu yake inavyochemka.

Duru ya kwanza Buluu walibishana juu ya neno moja: yaliyotokea ni jinai au ni vita? Walikuwa wakipiga kelele, nasi pembeni tukiwasikia wote. Rais wao, msichana mrefu mchezaji wa voliboli, alitaka vita. Binti yangu akasimama.

"Ikiwa ni jinai, tunatafuta watu kumi na wawili," akasema. "Ikiwa ni vita, tunapigana na nani? Tutaje kwanza."

Wallahi nilitamani kupiga kigelegele. Mtanzania akaninong'oneza, "Dada, huyu mtoto ana kichwa."

"Kakitoa wapi?" nikamuuliza.

Wakapiga kura. Vita vikashinda kwa mbali. Na binti yangu, aliyekuwa dakika moja nyuma akiipinga, akavuta ramani akaanza kupanga ndege na meli kwa bidii ileile. Nilimwona akichora mishale. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nikamsifu moyoni kwa nidhamu yake.

Duru ya pili ilikuwa ya kutafuta marafiki. Ndege za Buluu haziwezi kufika Kijani bila kupita anga ya Njano, kwa hiyo Njano ghafla wakawa bi harusi, kila mtu anawataka. Nikamtuma waziri wangu akawaombe wasifungue anga. Akaenda na jalada lake. Walimpa soda, wakamsikiliza, akarudi amefurahi.

"Wamesema bado wanatafakari, Mheshimiwa."

"Basi wameshakubaliana na Buluu."

"Umejuaje? Wamesema wanatafakari!"

"Kuna aliyekutazama machoni wakati anasema?"

Akafikiri. "Hapana."

"Kuna aliyekusindikiza?"

"Hapana."

"Kaka yangu, keti. Anga imekwenda."

Dakika kumi baadaye mwalimu akatangaza kwamba Njano imefungua anga yake kwa ndege za Buluu. Mtanzania akanitazama kwa heshima mpya, akafungua jalada akaandika kitu. Mimi nikavimba kichwa. Nilijiona bingwa. Nchi yangu ilikuwa inazingirwa, milima yangu ina wauaji, na mimi nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeionja tangu ndoa ya nne, ile ya watu wa Lamu waliotukalisha vikao kumi na moja.

Duru ya tatu wajumbe wa Buluu wakaja kwetu, wawili. Mmoja alikuwa Waziri wao wa Mambo ya Nje, mvulana mwenye miwani na karatasi iliyochapwa. Wa pili alikuwa binti yangu. Nikawaketisha. Nikawawekea mahamri na mbaazi. Mvulana akasita kwanza, kisha akala kwa mikono miwili. Binti yangu hakugusa kitu, alikuwa kazini.

Mvulana akasoma. Kijani iwatoe wale watu kumi na wawili, bila masharti, na ifungue kambi zao zikaguliwe. Mwisho wa kujibu ni saa nane kamili. Isipojibu, Buluu itachukua hatua inazoona zinafaa. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na nusu.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikatikisa kichwa polepole kama inavyopasa. Nikakunja uso, kidogo tu. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kibandani kwamba tumesikia, na tutawajibu.

"Hilo ndilo jibu lenu?" mvulana akauliza.

"Tumesikia," nikarudia. "Kula mwanangu, chukua na jingine la njiani."

Nikamwona akiandika neno moja katika daftari lake. Kabla hajaondoka nikamtazama binti yangu, naye akanitazama. Nilimtabasamia. Yeye hakutabasamu, ila niliona ameelewa. Amekulia kwenye posa yule. Ndoa zote saba alikuwa jikoni kwangu akipitisha sinia, akisikia mimi na mashoga zangu tukicheka wageni walipotoka, kwamba maskini, wamekwenda na nyuso zimewashuka, nao binti walishapewa tangu jana.

Walipoondoka tu, nikamwambia waziri wangu, "Andika."

Akaandika, kwa hati nzuri ya watu waliosoma zamani. Kijani inakubali. Itawatoa watu wote kumi na wawili, wahukumiwe Njano mbele ya mahakimu wa nchi zote tatu, na wakaguzi wa Buluu waingie kambini kuanzia kesho. Tuliomba jambo moja tu, ndege zisivuke mpaka. Nikaweka saini, naye akaweka yake chini. Akasimama, amekaza tai.

"Nawapelekea sasa hivi."

"Unapeleka wapi? Keti."

"Mheshimiwa, jibu tunalo."

"Tunalo, ndiyo. Litalala kidogo. Tutakula, nitakwenda kuswali adhuhuri, tutalipeleka saa nane kasoro dakika kumi."

"Dada, kwenye kazi yangu, ukishapata jibu la hesabu unalitoa. Daraja halisubiri."

"Hili si daraja. Ukitoa nchi yako dakika ileile uliyoombwa, kesho watakuomba nini? Haraka haraka haina baraka, kaka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu, na hapo Mtanzania alinipata kwa sababu methali ni methali. Lakini Waziri Mkuu nilikuwa mimi. Nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia mkobani, kwenye mfuko wa zipu ninakoweka tasbihi. Tukala. Watu wa nchi zote tatu walikuja kuchukua mahamri yangu, hata rais wa Buluu alikuja, akaniambia ni matamu sana. Nikaenda maktaba, nikatandika shali yangu kati ya makabati ya vitabu, nikaswali.

Nilikuwa natoka maktaba, saa saba na dakika arobaini, niliposikia mwalimu akigonga kengele. Nikafikiri ni ya kurudi kwenye meza. Nilipofika ukumbini, pembe ya Buluu walikuwa wamesimama, wengine wameshikana mabega wanaruka. Mwalimu alikuwa na bahasha ya amri mkononi, akasoma kwa ile sauti yake. Saa saba na robo, Buluu, baada ya kuona Kijani imekataa, na ili isipoteze nafasi ya kushtukiza, imetuma ndege. Amri imepigiwa kura na baraza lote, imetekelezwa na Waziri wa Ulinzi. Daraja kuu la Kijani limeanguka. Soko la mji mkuu limewaka. Wale watu kumi na wawili, waliokuwa wakingoja kujua kama watatolewa, wametumia vurugu hiyo kuvuka mlima, na sasa hakuna ajuaye waliko.

"Daraja!" yule mhandisi akasema, na uchungu wake ulikuwa wa kweli.

Mwalimu akaniuliza, Waziri Mkuu, kwa nini mlikataa?

Nikafungua zipu, nikatoa karatasi kutoka chini ya tasbihi, nikaikunjua, nikampa. Akaisoma kimya kwanza. Kisha akaisoma kwa sauti, pamoja na saa ambayo mhandisi wangu, Mungu amweke, alikuwa ameiandika juu kabisa: saa sita na dakika hamsini.

Waliokuwa wakiruka wakaachiana mabega. Rais wa Buluu akaweka mkono mdomoni. Yule mvulana wa miwani akafungua daftari lake, akawaonyesha wenzake neno lake, tumesikia, akisema lakini alisema hivi, lakini alisema hivi tu. Njano wote walikuwa wamesimama. Mimi, kwa aibu na kwa msisimko, nikaanza kucheka, nikasema haya jamani, muda ulikuwa haujafika, nyinyi mlikuwa mnakimbilia wapi? Watu wakacheka nami, ukumbi wote, wakapiga makofi. Mwalimu akasema hajawahi kupata mchezo mtamu kama ule.

Nikamtafuta binti yangu. Kila uso mle ndani ulikuwa na mshangao. Wake haukuwa nao.

Kutoka shuleni hadi nyumbani ni dakika nane kwa gari. Nilipita njia ya kwetu bila kukata kona, nikaingia barabara kuu, nikaendesha kuelekea Saint Paul mpaka kuba la jengo la serikali likaonekana mbele. Yeye hakuniuliza tunakwenda wapi. Sufuria tupu ilikuwa ikigonga kiti cha nyuma.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Kwamba nimekubali."

Alitazama dirishani. "Nilijua tangu ulipomwambia achukue hamri la njiani."

"Na hukuwaambia?"

"Nilikuwa nimefungua mdomo, Ma. Wallahi nilikuwa nimefungua mdomo. Halafu yule wa miwani akasema wamekataa, na kila mtu akaanza kusema ndege, ndege, nami nilikuwa nimezipanga vizuri sana zile ndege." Akakaza mtandio wake. "Wakapiga kura. Ikishapigwa kura ni amri. Mimi ni wa ulinzi tu."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu ile nikaona bado kuna msisimko, haujapoa, kidole chake kinachora mishale pajani. Nikamwelewa vizuri kuliko nilivyotaka, kwa sababu wangu pia ulikuwa haujapoa. Mimi niliyekuwa na amani mkobani nilikuwa nimekaa nayo nikala mbaazi, kwa ajili ya heshima. Vita havina macho, wazee walisema. Siku ile niliona kwamba hata wanaovianza, macho wanayo, wanayafumba kwa sababu wana raha.

Lakini kilichonichoma hakikuwa kosa langu. Mpaka asubuhi ile nilikuwa naogopa asije akafa. Nilikuwa nimeogopa hilo kila usiku tangu sajenti avue viatu mlangoni. Sasa nikaanza kuogopa jambo lingine, kwamba siku moja atatumwa kwenye nchi fulani, mbele ya mama fulani anayekunja uso kidogo na kusema tumesikia, na katika kikosi kizima atakuwa ni yeye pekee anayejua maana yake, na atanyamaza.

Niliegesha gari karibu na kituo cha treni. Saa ilikuwa kumi. Nilikuwa nimeahidi kabla ya magharibi.

"Jibu lako," nikamwambia. "Sitasaini."

"Kwa sababu ya mchezo?" Sasa sauti ilipanda. "Ilikuwa mchezo, Ma!"

"Umebakisha miezi minne utimize kumi na nane. Siku hiyo hunihitaji. Sijakunyima jeshi. Nimekupa miezi minne."

"Nifanye nini nayo?"

"Ulale nayo. Mimi leo nilihitaji dakika thelathini na tano tu, mkaninyima."

Aliniambia maneno fulani kwa Kiingereza ambayo sitayaandika. Siku tisa hakuzungumza nami isipokuwa habari za chumvi na funguo. Nilimpigia simu sajenti, nikamwambia kwa adabu zote kwamba posa imekataliwa kwa sasa, na zawadi yake ipo salama, akitaka aje aichukue. Akacheka sana. Akasema nikae nayo tu, na kama kuna kaimati atapita. Hakupita.

Miezi minne ikaenda. Mhandisi alinitania kila tulipoonana kwenye maegesho, "Mheshimiwa, mkobani kuna nini leo?" Binti yangu akarudi kuzungumza, kidogokidogo, hakugusia jeshi. Nami sikuuliza. Nilidhani, na niseme wazi kwamba niliomba, ile hamu imemtoka.

Asubuhi aliyotimiza miaka kumi na nane niliamka nikakuta jikoni kuna harufu ya tangawizi. Alikuwa amevaa dera, amejifunga mtandio kama mwenda harusini. Amepika chai. Kaimati zilikuwa zimeungua upande mmoja. Akanivutia kiti, akanimiminia, akaketi mbele yangu, akaweka karatasi mezani, ileile ya jeshi, lakini ya watu wazima. Nilitazama haraka ule mstari mweusi wa mzazi. Haukuwepo. Palikuwa na mstari mmoja tu, wake, na ulikuwa mtupu.

Akakohoa. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, akichagua kila neno kama anayechagua mchele:

"Mama, nimekuja na neno. Silitaki jibu leo."

Nilijaribu kukunja uso. Ukakataa.

"Na ukinikatalia?" nikamuuliza. "Si huhitaji saini yangu."

"Nitangoja," akasema. "Nitangoja mpaka nikuelewe." Halafu Kiswahili kikamwishia, akamalizia kwa kile chake, kwamba ile siku alikuwa na dakika ishirini na tano za kuwaambia watu kwamba mama yake amekubali, na kila usiku tangu hapo amekuwa akiwaambia. Kwamba safari hii, akiwa mle ndani ya jeshi, atasema. Hata kama wameshapiga kura.

Katika ndoa saba sijawahi kujibu posa siku ileile. Nilisimama nikaenda kabatini, nikalitoa begi kwenye msumari, nikalichana mfuko wake wa plastiki, nikamwekea mapajani. Kisha nikaivuta karatasi, nikatafuta pa kuandika, na kwa kuwa nafasi yangu haikuwepo nikaweka saini yangu pembeni, jina lote, na la marehemu baba yake.

"Ma, umeiharibu," akasema. "Itabidi nichapishe nyingine."

Nikamwambia achapishe. Hii nikaikunja mara nne nikaitia mkobani.